Nyuma ya Kabati

Siku ya pili baada ya hitima,
Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
tunalivuta kabati la mama, mimi na Mbwana.
Fundi Mhina kishalipa nusu;
mkokoteni wake unangoja nje.

Nyuma yake: chokaa, na wapangaji.

Vifuko vya mende, rangi ya kokwa za ukwaju,
vimegandishwa kwa mate kwenye ubao,
kila kimoja na mshono mmoja mgongoni
kama zipu ya gauni la harusi.
Mama angeusifu ule mshono.
Ndani mayai kumi na sita, safu mbili,
na aliyeyaweka hakugeuka nyuma.

Mayai mawili ya mjusi, meupe, magumu,
yamenata ukutani kama peremende
iliyolambwa ikasahauliwa.
Moja lina tundu. Mwenyewe kishakwenda zake,
hakufunzwa na mtu kutembea darini.

Na buibui. Yeye hakuondoka.
Amekumbatia kifurushi bapa cha hariri
kipana kuliko tumbo lake;
miguu minane, na hataki kuukimbia mzigo.
Mbwana ameinua ndala.
Ngoja, nasema.
"Nimngoje azae?"

Uani, katika kopo la maziwa ya unga,
mbu katandika jamvi lake jeusi juu ya maji,
mayai mia mbili yamesimama bega kwa bega,
jamvi zima halizidi punje ya mchele.
Hilo nalimwaga. Sina huruma ya kila kitu.

Chini ya cherehani, kapuni,
tetea anaatamia. Leo siku ya kumi na tisa.
Kabla homa haijamlaza, mama
aliyamulika mayai kwa tochi, moja moja,
hili zima, hili viza, hili zima,
nami nikitia alama za mkaa.
Matatu ni ya bata. Hayo aliyatanguliza wiki nzima,
maana bata ana mwendo wake.
"Kuku hatajua?" nilimuuliza.
"Joto haliulizi ukoo,"
akasema, akatafuta miwani yake.

Mimi nililetwa nyumba hii kutoka Maramba,
miaka miwili, juu ya gari la machungwa.

Fundi anagonga ubao kwa kidole:
"Lina wadudu hili?"
Lina mmoja, namjibu, ana mzigo.
Anacheka, anakaza kamba.

Kapu silipakii. Nalibeba mwenyewe,
polepole, tetea akininung'unikia,
na chini yake, sijui lipi,
kitu kinagonga.