Makopa

Hakuungua.
Mnaokuja kuuliza, ulizeni hilo mara moja, tumalize:
Mfaume hakuungua.
Nyusi zake zilikuwapo zote,
risiti ya korosho mfukoni haikujikunja hata pembe,
na waliomwosha wanasema midomo ilikuwa myekundu,
myekundu kama ya mtu mwenye afya.

Lilikuwa duka la magodoro, Newala, nyuma ya stendi.
Yeye ndiye mlinzi, akilala humohumo.
Chaja ilichomekwa, soketi ikakohoa,
yakaungua magodoro mawili. Mawili tu,
kati ya arobaini na kitu.
Somoe wa mgahawani alifika na ndoo yake, maji ya kununua,
akaumwagia moto, ukafa.
Akamkuta ndugu yangu ubavuni pa kaunta
kama mtu aliyechoshwa na msimu.

Daktari, kijana mdogo, hakunitazama usoni.
Alisema sponji ikiungua hutoa sumu,
akaitaja kwa jina: sayanidi.
Pumzi chache, akasema. Hewa inaingia,
mwili unashindwa kuitumia,
kama mwenye pesa kwenye soko lililofungwa.
Kisha, akitafuta pa kuweka mikono yake,
akauliza: kwenu mnalima mihogo michungu?
Ni sumu ileile.

Ileile.

Mama yangu anaijua hiyo, na hana cheti.
Anamenya, anavundika mpaka mihogo ivae ukungu mweusi,
anaukwangua, anavunja makopa, anaanika siku nne,
anagusa kipande kwa ncha ya ulimi, anatema,
anaanika tena.
Mwaka ule wa njaa kina Nachinuku walikosa subira;
binti yao anatembea kwa vidole hadi leo.
Kwa hiyo tunaiheshimu. Tunaipa siku zake.

Lakini moshi hauna ganda la kumenya.
Hauonjwi ukatemwa.
Na sisi tulifundishwa kuwa ni dalili tu,
kwamba moto ndio mwizi, moshi ni mpiga mbiu.
Nadhani Mfaume aliamka akautafuta moto,
akauona mdogo, kule pembeni,
akavuta pumzi ya kuita watu.

Arobaini imepita.
Jana nimemkuta mama amelitoa godoro lake uani,
ameliegemeza kwenye uchanja wa makopa, juani.
Siku ya nne hiyo.
Analigeuza upande, analinusa, analigeuza.
Sijamwambia kitu.