Roho Ngapi

Saa tisa na dakika kumi na saba, Dodoma.
Upepo wa Agosti unavuta vumbi la Kizota
mpaka kwenye kioo cha mnara. Nilikuwa nakifuta kwa kiwiko
redio ilipokohoa: Meidei, mara tatu,
bila haraka, kama mtu anayehesabu chenji.

"Ndege amegonga injini ya kushoto. Tumeizima. Tunarudi."

Amegonga, alisema Kapteni Rweyongeza.
Lugha yetu imewapa jina moja wote wawili
ikawatenga kwa herufi tu.
Kwa herufi hiyo nikajua yupi amekwisha kufa
na ipi ingali inaruka.

Nikauliza tulivyofundishwa:
"Mafuta ya muda gani? Roho ngapi?"
Hatusemi abiria. Abiria ana tiketi.
"Saa mbili na nusu. Roho sabini na nne."

Nikabonyeza kengele. Chisuligwe wa zimamoto
aliacha ugali wa uwele na mlenda wake mezani,
akapanda gari buti moja mguuni, jingine mkononi.
Ile ndogo ya Mpanda nikaiambia izunguke juu ya Bahi
mpaka nitakapoiita. Mlinzi akawatoa mbuzi wawili
walioingia kwa tundu la uzio, tundu
tuliloliandikia barua tangu Machi.

Kisha nikanyamaza. Mwenye injini moja hahitaji pole.
"Upepo watoka mashariki, noti kumi na nane.
Njia ni yako."

Akaja chini chini juu ya mizabibu,
pua ikitafuta upande,
gurudumu moja, la pili,
moshi,
gari jekundu likimkimbiza kama mbwa wa nyumbani.

Nikachukua darubini nikahesabu ngazini.
Kapteni alishuka wa mwisho. Sabini na tano.
Nimekosea, nikasema. Nikarudia kichwani:
yule mama wa kitenge cha njano,
mgongoni, kisigino kimechungulia.

Usiku nikajaza fomu. Ina "aina ya ndege" mara mbili;
pa pili niliandika: mwewe. Idadi: mmoja.
Majeruhi: hakuna.
Penye roho, kanuni hairuhusu kufuta:
unapiga mstari mmoja, kosa libaki likisomeka,
unatia herufi za jina lako pembeni.

Nikapiga mstari. 75. N.S., Nyemo Senyagwa.

Ndipo mkono ulipoanza kutetemeka.