Kila Wiki ya Tatu

Walikitoa mwezi wa Machi, kikubwa kama ngumi ya bondia,
wakakitia kwenye ndoo nyeupe yenye kifuniko,
kikashuka orofa ya chini kukatwa tena, vyembamba vyembamba,
kitazamwe kwa darubini na watu nisiowajua.
Kingo safi, akasema Daktari Ellwood. Safi kabisa.
Nikamwambia: basi nirudishieni viatu vyangu.

Hakucheka. Alichora duara, akatia nukta pembeni,
ndogo hata kalamu yenyewe ilisita.
Hizi hatuzioni. Huenda zipo, huenda hazipo.
Dripu, kila wiki ya tatu, mwaka mzima.
Itazuia?
Wengine imewacheleweshea. Kwako wewe, sijui.

Miaka ishirini na sita nimeishi Leeds,
na hiyo ndiyo "sijui" ya kwanza kupewa na mtu mwenye cheo.
Nikatia saini kwa ajili yake.

Sasa ni Novemba. Saa kumi alasiri, nje giza.
Muuguzi Bronagh anausaka mshipa
kama asakaye funguo ndani ya mkoba wa mwenzie,
akiomba radhi.
Usiku ngozi inawasha, naikuna kwa chanuo.
Ugali una ladha ya sarafu.

Nyuma ya nyumba yetu, Harehills, palikuwa na gugu.
Baraza la jiji liling'oa hadi mizizi, tukapiga makofi.
Hata hivyo kila msimu anarudi bwana mmoja, koti la njano,
sindano mkononi, anapiga magoti, anapapasa udongo.
Jirani yangu Petronella humfokea dirishani:
Unatafuta nini? Hamna kitu hapo!
Naye, bila kuinua kichwa:
Natafuta hichohicho.

Kwetu mtoto huitwa kipande cha ini.
Kimoja kimo chupani, kina namba.
Kingine kimekaa hapa, kiti cha wageni,
kimevua viatu, kinafanya hesabu za sehemu,
kinaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:
Baba, ini inaota tena?

Linaota, namsahihisha. Ini linaota.
Raziki anaandika pembeni ya daftari: linaota.

Uvimbe nao huota, kwa kitenzi hichohicho,
na aliyelala pia.
Hayo simwambii.
Dripu imebaki vidole viwili.