Matumbo ya Herufi

Ukiutazama upesi utadhani cherehani:
mkono juu, meza chini, pedeli mguuni,
ila penye sindano pana upapi wa chuma
wenye meno madogo kama ya panya mchanga.

Niliuuziwa na Emrys, tarishi mstaafu wa Dolgellau,
kwa paundi arobaini na sharti moja:
usikae kimya mwezi mzima.

Mvua ya hapa Welisi ni mgeni asiyepewa jembe.
Natoka zamu ya usiku, nimegeuza wazee ubavu hadi ubavu,
nimekunja mashuka ya watu wasionikumbuka jina,
naingia kibandani nyuma ya nyumba.
Saumu huita kupitia dirisha la jikoni:
"Hicho kibanda umekioa lini?"
Ana haki. Unga wa mbao umo kwenye chai,
umo kwenye soksi za mtoto,
na nikiinuka kwenye sijda
naacha duara la manjano juu ya mswala.

Kwanza unatoboa kwa keekee.
Unaulegeza upapi, unaupenyeza tunduni,
unaukaza hadi ukiudonoa ulie kama uzi wa gambusi.
Kisha usisukume.
Hilo Emrys alinifundisha kwa neno moja,
lile lile lililopakwa rangi nyeupe barabarani kwao:
*Araf.* Polepole.
Sikioni liko jirani na haraka;
kwa maana, hawasalimiani.

Jogoo wangu wa kwanza alivunjika mguu.
Wa pili alitoka mzima, lakini Saumu alimwita bata.
Ndipo nikataka neno.
Nikaandika KARIBU kwenye ubao wa mjozi,
herufi nene, niziondoe zote, mwanga upite.

K ilitii.
Nilipoufunga mzunguko wa A
tumbo lake likadondoka, tup, ndani ya vumbi.
La R likafuata. B ikapoteza mawili.
Hakuna aliyenionya:
kilichozungukwa pande zote
hakina wa kukishika.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ukumbi wa kanisa,
meza ndefu, shuka jeupe, birika linapumua.
Kila mmoja huweka alichomaliza.
Eluned ana kindi sita, mikia kama moshi.
Iestyn, miaka kumi na sita, hasemi na mtu,
ana ufunguo usiofungua chochote.
Emrys kaleta lesi iliyokatwa kwenye mbetula,
nakshi ya kitambaa cha meza cha marehemu mkewe,
na hakuna aliyeigusa.

Ubao wangu niliuficha nyuma ya birika,
na yale matumbo manne kwenye kisanduku cha kiberiti.
Eluned akamimina chai, akauona.
"Ni nini hiki?"
Nikasema ni aibu. Nikasema ni mlango wa kwetu.

Emrys alitoka mvuani bila koti,
akarudi kutoka garini na kipande cheusi kwa uzee.
CROESO. Karibu, kwa Kiwelisi.
O zake mbili, matobo matupu,
kama macho ya kinyago.
"Mwaka themanini na nane," akasema.
"Nililia, mtu mzima."
Akachomoa penseli sikioni, akanichorea:
daraja, upana wa punje ya mchele,
acha mti kidogo kati ya tumbo na mwili.
Usikate kila unachoweza kukata.

Sasa mlangoni pana KARIBU yenye madaraja.
Ile mbovu iko dirishani mwa kibanda,
na asubuhi chache ambazo jua hujitokeza
hulala sakafuni, kubwa, bila matumbo,
na bado inasomeka.

Siku ile Iestyn alinyoosha kiganja, bila neno.
Nikampa tumbo la A, pembetatu ndogo ya mjozi.
Akaitia mfukoni.

Mwezi uliofuata akaweka mezani joka la mcheri,
mabawa membamba hata unaogopa kupumua.
Niliinama nikalitazama usoni.
Jicho lilikuwa la kahawia, la pembe tatu.