Ubuyu wa Lango la Skuli

Naitwa Bi Mwanakombo,
langoni naweka vyombo,
Pemba, Konde penye mambo,
ubuyu mtamu mno.

Wekundu wake wa rangi
hushika nguo na shungi;
mia moja, punje nyingi,
zajaa tele mkono.

Akatujia Sihaba,
tabibu, taa, mkoba;
wana wa miaka saba
akawahesabu meno.

Kwenye kila vinywa kumi,
vinane, mimi sisemi,
vyekundu hadi ulimi,
vina shimo kwenye jino.

Hakunitaja kwa jina,
hakutaka kugombana;
alinitazama sana,
nikauficha mkono.

Ndani, Nyange mjukuu,
shavu limevimba juu;
karafuu, karafuu
nisage, nitie jino.

Hutulia saa moja,
kisha maumivu yaja;
karafuu ni faraja,
si tiba, sikia neno.

Jumamosi tukaketi,
wazazi, sheha, kamati,
mie nyuma, bila kiti.
Wakaanza mkutano.

"Meza ing'oke!" Shaame,
kwa sauti ya kiume.
Sihaba: "Tusimchome,
mia yatoka mikono

yetu, tukiwapa wana.
Nani usiku huona,
wakilala, nani tena
asimamiae meno?"

Kimya. Kuku akapita.
Nikasema, nikisita:
"Meza yangu siifuta,
ila nina mapatano.

Nitauza njugu nyasa
na tango, tokea sasa;
ubuyu sitaususa,
Ijumaa tu, si mno."

Chuoni wana miswaki
ya miti; hapa, plastiki;
yote sawa, hatutaki
ila kusugua meno.

Sasa safu mbilimbili,
kwenye karo, saa mbili,
povu hadi kwenye mwili,
kutema ni mashindano.

Meza hainipi kama
zamani; sitalalama.
Tango halina heshima
mbele ya utamu huno.

Nyange waling'oa moja,
jipya bado twalingoja;
mara kwa mara, kioja,
ulimi hutia pano.

Rangi kwenye changu chanda,
sabuni haijashinda;
nasugua, inaganda,
nasugua kama meno.