Kikapu Kitupu

Hakuna aliyekufa. Nianzie hapo,
maana mlipokuja kuniona mlitafuta msiba
ukutani, kwenye picha, chini ya mkeka,
mkakuta mama mzima, bati halivuji, watoto wana kazi,
na kiinua mgongo benki
kilichoshindwa kuinua mgongo.

Karani wa ardhi, miaka thelathini na mmoja.
Kila kiwanja cha Kizota nilikijua kwa namba,
lakini Juni ile, upepo ukipiga mluzi dirishani,
sikuijua njia ya kutoka kitandani hadi mlangoni.

Wazee wa Kigogo walitusimulia jina la mji huu:
tembo alikuja kunywa, matope yakamshika miguu,
akadidimia. Idodomya.
Utotoni nilimcheka.
Mwaka ule nilimwelewa. Nguvu alikuwa nazo;
ila kila alipojitikisa
alizidi kwenda chini.

Mirembe. Jina la kutishia watoto wasiooga.
Nilijifunga kitenge hadi puani nisijulikane,
na mtu wa kwanza kwenye foleni akaniamkia kwa jina.

Muuguzi Chiwanga hakuulizia msiba.
Aliuliza: unalala saa ngapi? Umekula nini?
Mara ya mwisho kutoka jasho ni lini?
Akaandika vidonge, mstari mmoja,
na chini yake, kwa mwandiko uleule wa haraka:
kutembea, nusu saa, kutwa mara moja.

Nikapeleka cheti dirishani.
Kijana wa dawa akasoma, akarudia kusoma,
akanihesabia vidonge, akasema,
"Mama, hii ya pili imetuishia."

Nikacheka. Kidogo, kikavu, kama ganda la karanga.
Cha kwanza tangu Pasaka.

Sasa, mwanamke wa umri wangu hatembei tu.
Huenda sokoni, msibani, kanisani, kwenye kikoba.
Akitembea bila kwenda, watu huuliza kulikoni.
Basi nikabeba kikapu. Kitupu.
Alfajiri, na raba za mwanangu Mazengo
zilizonizidi namba mbili, nimeshindilia gazeti vidoleni,
Nkuhungu hadi relini, nikageuka.
"Majengo mapema yote hii?" "Ndiyo."
"Mbona hujanunua?" "Bei imepanda."

Siku ya tatu magoti yalinitukana.
Siku ya tisa nililia mbele ya mbuzi wa watu,
jasho na machozi njia moja,
nisijue kipi kinaniacha.
Mbuzi aliendelea kutafuna.

Wiki ya sita nilisikia njaa.
Njaa yenyewe, ya mlenda na ugali wa uwele.
Nikala wima, jikoni, kwenye sufuria,
na usiku ule usingizi ukaingia
bila hodi, kama mwenye nyumba.

Sitaki kuwadanganya.
Vidonge bado nameza.
Zipo asubuhi matope yananishika vifundoni
nikalala nahesabu misumari ya bati hadi saa nne.
Kilele cha Mlimwa sijakifikia;
naishia kwenye jiwe lenye ufa, pumzi imekatika,
moyo unagonga kifuani kama mtu aliyefungiwa chooni,
nami nauambia: nasikia, nasikia,
kumbe bado umo.

Jana Nyemo wa jirani,
amemaliza chuo, kazi hana,
mama yake hunong'ona, "siku hizi halali, hasemi,"
alinikuta getini nafunga kamba za raba.
Akanitazama mikono.
"Bibi, leo huna kikapu?"

Nikamwambia kipo ndani, nyuma ya mlango.
Kachukue,
kama unakihitaji.