Kasi ya Kuoza

Mama hupiga simu Jumapili kutoka Kyenjojo:
"Abwoli, mwaka wa tatu huu. Sokwe umewaona?"
Mara nne, namjibu. Mmoja alikuwa mgongo tu.
"Na unalipwa kuwahesabu?"
Siwahesabu wao, mama.
Nahesabu vitanda vyao.

Asubuhi ya Kibale ina ukungu wa kushikika.
Mimi na Rwaheru tunanyoosha kamba, dira mkononi,
tunafuata mstari ambao msitu haukuuomba,
kupitia kinamasi, kupitia upupu,
kupitia siafu waliompanda Rwaheru hadi kiunoni
akacheza ngoma isiyo na kabila.
Kisha shingo nyuma, macho juu.
Kiota. Matawi yamekunjwa ndani kwa ndani,
majani bado kijani: cha jana, au juzi.
Mita sita kutoka kwenye mstari.
Kingine kumi na tisa. Kingine thelathini,
ningeapa ni rundo la majani makavu
kama upepo usingekisukuma.

Hapo ndipo hesabu inapoanza, kwa kukiri.
Vya karibu twaviona takriban vyote,
vya mbali vichache, vya mbali zaidi hapana;
na kwa jinsi macho yanavyotutoroka mita kwa mita
tunakadiria tulivyovipita bila kuviona.
Nilimweleza padri jambo hili.
Alinyamaza, kisha akasema hata yeye
parokia yake huihesabu hivyo.

Fort Portal napanga nyumba na wenzangu wawili.
Akugizibwe anapima mto Mpanga: ubao wenye namba
chini ya daraja, na daftari za miaka kumi na minne,
ajue lini maji yataingia jikoni mwa watu.
Nyakato yuko maabara. Haoni mbu,
haoni usiku ambao mtoto aliumwa;
anaona kingamwili kwenye tone la damu,
nyayo za homa iliyokwisha kuondoka,
na kwa nyayo hizo anachora msimu mzima.
Umeme ukikatika tunabishana juu ya sufuria ya maharagwe.
"Dalili ya mvua ni mawingu," Akugizibwe alisema.
"Mangapi yaliipita Rwenzori bila tone?" Nyakato akauliza.
"Aliyetunga methali, hayo aliyaandika?"
Tulicheka. Mimi nilicheka kidogo.

Kwa sababu mwaka huu kielelezo changu kilidanganya,
au mimi ndimi niliyekidanganya.
Kilisema theluthi ya sokwe haipo.
Kampala walikuwa wameshaanza kuandika barua.
Lakini namba niliyokilisha ilidhani
kiota hudumu siku mia na kumi,
namba ya mwaka wa kiangazi,
iliyopimwa na mtu aliyestaafu zamani.
Na mwaka huu mvua haikupumua.

Nikachagua viota ishirini,
nikavizuru kila Jumanne kama wagonjwa wodini,
nikavitazama vikifa: kijani, kahawia, tundu,
mwanga ukipenya, kisha matawi matupu.
Siku sabini na mbili.

Sokwe hawakuondoka. Vitanda ndivyo viliharakisha.
Au pengine wachache waliondoka; siwezi kuapa.
Niliandika "kati ya" namba hii na ile,
na upana wa hiyo kati
ulinitia aibu kwanza, halafu usingizi.

"Basi wako wangapi?" mama aliuliza Jumapili.
Nikamtajia zote mbili, ya chini na ya juu.
Nilisikia akipepeta kitu, mtama labda.
"Ulipokuwa bweni," akasema, "sikukuuliza kama unakula.
Ungenidanganya. Nilikuwa nikitazama
tundu la mkanda wako, umefunga la ngapi."

Akapepeta tena.

"Kidato cha pili nilikosea muhula mzima.
Nilikuja kujua baadaye
ule mkanda uliuazima."